Mwacheni Mzee Ainuke

Katika nyumba zetu nyingi, mzazi akishapita miaka sitini huanza kunyang'anywa kazi kwa upendo. Ndoo anapokewa, sokoni anatumwa mjukuu, na akitaka kuinuka huambiwa, "Kaa tu, Mama, utachoka." Heshima hiyo ni ya kweli, lakini imejengwa juu ya dhana potofu kwamba mwili uliozeeka hauongezeki nguvu tena. Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika nyumba ya kutunzia wazee. Watu kumi dhaifu, wa miaka 86 hadi 96, walifanyishwa mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu kwa wiki nane. Tisa walifika mwisho, na nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wawili wakaacha kutembelea fimbo. Misuli hupungua kwa umri, ndiyo, lakini sehemu kubwa ya udhaifu tunaousingizia uzee huletwa na kukaa.

Kubadili chakula nako hakujachelewa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002 ulihusisha watu zaidi ya 3,200 waliokuwa wakinyemelewa na kisukari. Kundi lililofundishwa kula vizuri, kupunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, kama kutembea kwa haraka, liliugua kwa asilimia 58 pungufu kuliko wale ambao hawakupewa mafunzo hayo wala dawa. Kwa wenye miaka 60 na zaidi, punguzo lilifika asilimia 71. Waliodhaniwa kuchelewa ndio waliofaidika zaidi.

Wapo watakaosema samaki hukunjwa angali mbichi, na kwa sehemu wana haki. Moyo uliokakamaa kwa miaka mingi ya kukaa umeonekana kulainika kwa mazoezi yaliyoanza kati ya miaka 45 na 64. Walioanza baada ya 65 hawakupata badiliko hilo hata baada ya mwaka mzima. Hii ni sababu ya kutoahirisha, si ya kukata tamaa, kwa kuwa miguu, pumzi na sukari ya damu huitikia hata hivyo. Wengine huhofia presha na magoti. Hofu hiyo ina dawa yake: kumwona daktari kwanza, hasa kwa anayetumia dawa za sukari au za moyo, kisha kuanza kidogo kidogo.

Pingamizi la gharama ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu limefanya watu waamini kwamba lishe bora ni ya matajiri. Mchicha, matembele, kunde, dagaa na unga wa dona si vyakula vya anasa. Soda na chipsi ndizo zinazomaliza pesa. Kinachohitaji kubadilika ni mpangilio wa sahani: ugali upungue, mboga iongezeke, na dagaa au maharage yasikosekane, maana mzee anahitaji protini ya kutosha ili misuli ijengeke. Chumvi ya siku nzima, pamoja na iliyomo kwenye mkate na mchuzi, isizidi kijiko kimoja cha chai. Na Mama akitaka kwenda sokoni mwenyewe, aende. Akirudi, ainuke na kukaa kitini mara kumi bila kushika mikono ya kiti, mtu akiwa karibu naye.