Sikio Kabla ya Neno: Kazi ya Mwalimu Mnasihi katika Shule za Unguja



Ndugu msomaji, kati ya mapaji saba ya Roho Mtakatifu tuliyoyakariri kabla ya Kipaimara limo paji la Shauri. Wengi wetu tulilitaja haraka tukikimbilia Nguvu na Elimu, na tulidhani ni kipaji cha kusema maneno mazuri. Muda wetu wa utume Unguja, tukiwa karibu na walimu wanaowahudumia vijana shuleni, ulituonesha kwamba paji hili linaanzia kwenye sikio. Katika makala hii tunaeleza kazi ya mwalimu mnasihi ni ipi, kwa nini inahitajika visiwani, na mpaka wa siri uko wapi. Hili la mwisho tulijifunza kwa kukosea.

Unasihi ni nini, na si nini

Ushauri na unasihi ni ndugu, lakini si kitu kimoja. Mwanafunzi wa kidato cha pili akiuliza achague masomo ya sayansi au ya sanaa, mwalimu humweleza matokeo yake yanaonesha nini na kila njia inampeleka wapi. Huo ni ushauri. Unasihi ni mazungumzo ya kumsaidia mtu aione hali yake mwenyewe, apime njia zilizopo, kisha achague. Mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, katika kazi zake za miaka ya 1940 na 1950, alisisitiza mambo matatu kwa anayesikiliza: ampokee mtu bila kumhukumu, awe mkweli, na ajitahidi kuliona jambo kama mwenyewe anavyoliona.

Sisi tunaosoma falsafa tulipaswa kulijua hili mapema. Socrates, ambaye mama yake alikuwa mkunga, alijilinganisha na mkunga: hazai yeye, bali humsaidia mwingine ajifungue kilichomo ndani yake. Wazee wa pwani nao wanasema mficha uchi hazai. Hata hivyo, hakuna anayejifungua mbele ya mkunga asiyemwamini.

Kwa hiyo unasihi si adhabu, wala si mahubiri. Mwalimu wa nidhamu akiwa ndiye huyo huyo mnasihi, kijana hatajua leo amekutana na yupi. Si rahisi kumfungulia moyo mtu aliyeshika bakora jana.

Kijana wa Unguja na mzigo wake

Pwani haikusubiri shule ili iwe na wanasihi. Msichana alikuwa na somo wake, na kungwi alimfunda katika unyago. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013 na ambaye dunia ilimjua kwa taarabu, alisifika pia kwa kazi hiyo. Wavulana walikuwa na jando. Kulikuwa na mwalimu wa chuo cha Kurani, na kulikuwa na wazee wa barazani, wale wanaokaa kwenye viti vya mawe mbele ya nyumba za Mji Mkongwe na kumjua kila mtoto anayepita.

Watu hawa bado wapo, lakini siku ya mtoto imebadilika. Asubuhi yuko skuli, mchana chuoni, jioni tuisheni. Katika vijiji vya mashariki kama Paje na Jambiani, kina mama hutoka na maji kupwa kwenda kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoshika kasi tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Kijana wa mjini akipita Forodhani jioni anamwona mwenzake aliyeacha masomo, sasa ni papasi, ana simu nzuri na anaongea Kiitaliano. Anajiuliza hesabu za darasani zitamfikisha wapi. Mwingine amefika kidato cha kwanza, masomo yamegeuka kuwa ya Kiingereza, na amenyamaza. Anaitwa mvivu, kumbe haelewi. Mwingine ana kaka aliyezama katika unga, na nyumbani hakuna anayelala.

Kuna mzigo mwingine mzito zaidi. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011, ulionesha kwamba kwa Zanzibar takriban msichana 1 kati ya 20 na mvulana 1 kati ya 10, katika vijana wa miaka 13 hadi 24, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Tazama idadi ya wavulana. Tumezoea kuwaonya mabinti na kuwaacha wavulana wajitegemee.

Ahadi tuliyoitoa vibaya

Tunasimulia kisa hiki tukiwa tumebadilisha mambo kadhaa ili kijana asitambulike. Mvulana mmoja alizoea kubaki nyuma baada ya kipindi, akijifanya kufuta ubao. Siku moja alimuuliza mwenzetu: “Mwalimu, nikikwambia kitu, hutomwambia mtu?” Mwenzetu, kwa huruma na kwa ugeni wa kazi, akajibu: “Simwambii mtu.” Kijana akaeleza kwamba mtu mzima anayeaminiwa nyumbani kwao anamfanyia mambo mabaya.

Usiku ule hatukulala. Tukinyamaza, kesho mtoto anarudi katika nyumba ile ile. Tukisema, tumevunja neno tulilompa mtoto ambaye pengine hajawahi kumwamini mtu mwingine. Aristotle anafundisha kwamba kijana anaweza kuwa hodari wa hesabu lakini busara ya matendo huja na uzoefu. Tulikuwa tumeyajibu hayo vizuri kwenye mtihani.

Asubuhi tulimwendea mwalimu mnasihi, mama Mwislamu mwenye miaka mingi katika kazi hiyo. Hakutugombeza. Alisema: “Mngemwambia mpaka wenu mwanzo. Sasa twendeni tukamwambie yeye kwanza, kabla hatujamwambia mwingine yeyote.” Tukaketi chini ya mwembe, mahali ambapo wote wanaona lakini hakuna anayesikia, maana kuingia katika chumba chenye kibao cha unasihi ni kama kujitangaza. Tukamwomba kijana msamaha kwa kuahidi tusichoweza kutimiza, tukamweleza nani ataambiwa na kwa nini. Alilia. Kwa siku nyingi hakutusalimia. Suala lake lilifikishwa panapohusika, naye akaenda kuishi kwa ndugu mwingine. Tulipoondoka Unguja alikuwa bado anahudhuria masomo.

Siri ina mlango

Kosa letu lilitokana na kuchanganya unasihi na kitubio. Kanuni ya 983 ya Sheria ya Kanisa inasema siri ya maungamo haivunjwi kamwe, kwa neno wala kwa namna nyingine yoyote, kwa sababu yoyote ile. Sisi mafrateri hatuungamishi, na mwalimu mnasihi haungamishi. Siri ya unasihi ni ya kweli na inalindwa, lakini ina mlango. Mlango huo hufunguliwa kijana akiwa hatarini, mtu mwingine akiwa hatarini, au sheria inapotaka. Maneno haya yasemwe kabla kijana hajaanza kusimulia.

Akishasimulia, asihojiwe kama yuko polisi, na asiulizwe kwa nini hakusema mapema. Aambiwe kwamba kosa si lake. Mwalimu aandike maneno ya mtoto kama alivyoyasema, pamoja na tarehe, na asianze upelelezi wake. Zanzibar inayo Sheria ya Mtoto Na. 6 ya mwaka 2011, inayoweka mbele maslahi ya mtoto. Wapo maofisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Katika hospitali ya Mnazi Mmoja kuna kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako mtoto hupata daktari, polisi na mnasihi mahali pamoja, asirudie kisa chake katika kila mlango. Namba 116 hupigwa bila malipo.

Kinachozuia mara nyingi ni muhali. Mtuhumiwa ni mjomba, ni jirani, ni mtu aliyetusaidia msibani, tutamtazamaje usoni? Familia hukaa, wakubwa wakapatana, mtoto akabaki na jeraha. Kusitiriana ni jambo jema, na dini zote mbili zinatufundisha tusiwaaibishe watu. Lakini sitara iliyowekwa kumlinda mnyonge haiwezi kutumika kumficha anayemuumiza.

Frateri katikati ya vijana Waislamu

Wengi wa vijana tuliokutana nao ni Waislamu, na wazazi wao wana haki ya kujua kwamba hatukuja kumbadili mtoto dini kupitia machozi yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Dignitatis Humanae la mwaka 1965, ulifundisha kwamba hakuna anayepaswa kulazimishwa katika mambo ya imani. Kijana aliyeumia hana nguvu ya kukataa. Kumhubiria wakati huo ni kumshurutisha kwa upole. Akitaka kusali, tunamtia moyo asali kama alivyofundishwa kwao. Mapadre waliofika Unguja kuanzia mwaka 1860 walianza kwa kutibu wagonjwa na kuwafundisha kazi watoto waliokombolewa utumwani. Huduma ina ushuhuda wake.

Hitimisho

Kwa mwenzetu frateri atakayepangiwa shule: usiahidi siri kamili, usikae na mtoto mlango ukiwa umefungwa, mtafute mapema aliyekutangulia katika kazi, na jifunze kukaa kimya. Kwa mzazi: mtoto akianza kubaki nyuma kila siku akifuta ubao ambao umekwisha safi, usimwambie aharakishe. Pengine anatafuta sikio. Tuombe paji la Shauri, tukianza na kusikiliza.