Muulizeni Anaumwa Wapi

Neno uchungu katika lugha yetu lina maana mbili: ndiyo ladha ya shubiri na mwarobaini ulimini, na ndilo jina la ile kazi kubwa impatayo mwanamke saa za kujifungua, hata ikatosha kusema kwamba fulani ameshikwa na uchungu, na kila asikiaye akafahamu bila ya kuongezewa neno. Pengine ni kwa kulizoea mno jina hilo ndipo tukaingiwa na dhana kwamba maumivu ya uzazi ni kadari isiyo na dawa ila saburi, na mwari, tangu anapofundwa na somo wake, akawa huusiwa astahimili, asipige kelele, asiwaaibishe wazee wake. Saburi ni sifa njema, wala simo miongoni mwa wanaoibeza. Lakini mwanamke aliyefunzwa kunyamaza aghalabu hunyamaza hata pale ambapo kusema kungemwokoa.

Tuanze na mgongo na nyonga, maana ndizo adha za wajawazito wengi. Mimba inapokua, mwili hutoa homoni, mojawapo ikiitwa rilaksini, ambazo hulegeza kano zinazofunga mifupa ya nyonga ili njia ya mtoto ipate nafasi. Na ilhali viungo vimelegea hivyo, tumbo nalo huvuta mbele, na mama, ili asipoteze mizani yake, hujipinda nyuma kiunoni, misuli ya mgongo ikatwikwa kazi isiyoizoea. Ajuaye sababu hii hatastaajabu kwa nini kuinama juu ya mafiga, kujitwisha ndoo ya maji au kusimama saa nyingi huyazidisha maumivu, wala kwa nini kutembea kwa wastani, kunyoosha viungo, kuegemeza kiuno kwenye mto na kulala kwa ubavu, mto mwingine ukiwa kati ya magoti, huyapunguza. Tangu juma la 28, kulala kwa ubavu si starehe tu, kwani alalaye chali huulaza mji wa mimba juu ya mshipa mkubwa urudishao damu moyoni. Vigimbi vikikakamaa usiku, na avute vidole vya mguu kuelekea goti, kisha asugue. Kiungulia nacho hupungua kwa kula kidogo kidogo na kutolala mara tu baada ya chakula.

Lakini asiende dukani kujinunulia dawa za maumivu kama anunuavyo peremende. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wengi wetu humeza bila ya kufikiri, tangu juma la 20 huweza kuzidhuru figo za mtoto na kuyapunguza maji yanayomzunguka, na katika miezi ya mwisho huweza kuufunga kabla ya wakati wake mshipa mmoja ulio karibu na moyo wake. Parasetamoli ndiyo matabibu huitanguliza, nayo kwa kipimo na kwa kuuliza.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Binti akisema, “Bibi, kichwa kinaniuma tangu jana,” akajibiwa, “Ndiyo mimba hiyo, mjukuu wangu, vumilia,” huenda jibu hilo la upendo likawa ndilo la hatari. Kwa maana kichwa kisichoacha kuuma, macho kuingia ukungu, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, na uso na mikono kuvimba ghafula ni dalili za maradhi ya shinikizo la damu yanayotangulia kifafa cha mimba, na kifafa hakingoji asubuhi. Kadhalika tumbo linalouma mfululizo na kuwa gumu kama ubao, damu kutoka, homa, mguu mmoja kuvimba na kupata moto, au mtoto kupunguza kucheza: yote haya ni ya kupelekwa hospitali hima, hata kama ni usiku wa manane na nauli ni ya kukopa.

Ama uchungu wenyewe wa kuzaa, hata Wazungu waliugombania. Mwaka 1847 tabibu James Young Simpson wa Edinburgh alipoanza kuwapa wazazi klorofomu, walikuwapo waliomlaumu kwamba anapingana na maandiko. Na ubishi ulififia baada ya mwaka 1853, Malkia Victoria alipoivuta katika uzazi wa mwanawe Leopold. Baadaye, mnamo 1933, Mwingereza Grantly Dick-Read alichapisha kitabu akishikilia kwamba hofu huikaza misuli, na misuli iliyokazwa huongeza maumivu, nayo maumivu huongeza hofu. Wakunga wetu hawakuwa na kitabu hicho, lakini walikuwa wakikaa na mzazi, wakimsugua kiuno, wakimshika mkono. Na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mashauri yake juu ya uzazi, lilitaka kila mwanamke awe na mwenzi anayemchagua mwenyewe, na kwamba, akiweza, atembee na akae wima badala ya kulazwa chali. Inasikitisha, basi, kwamba katika wodi zetu nyingi mama huachwa peke yake kitandani, jamaa zake wakisubiri nje, na mara nyingi sababu ni pazia moja tu la kuwasitiri wazazi wengine, lisilokuwapo.

Baada ya kuzaa, pwani yetu ina hazina ya arobaini. Mzazi hulala, hukandwa kwa maji ya moto, huletewa uji wa pilipili manga, hufungwa tumbo kwa kanga. Ukitazama ilimu ya leo utaona kwamba mji wa mimba huchukua takriban majuma 6, yaani siku 42, kurudi mahali pake, wazee wakawa hawakukosea kwa hesabu ila siku mbili. Yale maumivu ya tumbo ambayo huja mtoto anaponyonya, na ambayo wengi huyatia katika jina moja la chango, ni mji huo unaojikaza. Huwa makali zaidi kwa aliyekwisha kuzaa kabla, na aghalabu hupoa baada ya siku chache. Kukandwa hufariji misuli iliyochoka, maadamu maji ni ya vuguvugu yasiyochoma na mkandaji hakandamizi tumbo. Mwenye kidonda cha kupasuliwa au cha kuchanika asikandwe kidondani, wala asikazwe mkanda.

Na mtoto? Hata miaka ya 1980 walikuwako matabibu walioamini kwamba mchanga hahisi maumivu kama sisi, wakimpasua kwa dawa haba za kumtuliza, mpaka matabibu Anand na Hickey walipoandika mwaka 1987 kuonyesha kinyume chake. Mama yeyote angewaambia. Kile kilio cha jioni kiitwacho msokoto huanza katika majuma ya kwanza, hupanda kufikia juma la 6, na kwa kawaida hukoma mwezi wa 3 au wa 4. Mtoto abebwe wima, acheulishwe, atembezwe kifuani, asipewe maji ya majani wala kitu kingine ila maziwa ya mama hadi miezi 6, wala asitikiswe kamwe. Akitapika rangi ya kijani, akipata homa, akikataa ziwa au utosi ukivimba, huo si msokoto.

Zipo pia zile sindano za chanjo za juma la 6, la 10 na la 14, ambazo akina mama wengi huzikaribia huku wamegeuza nyuso. Mwambie mkunga kwamba unataka kumnyonyesha mtoto; mpe mwanao ziwa kabla ya sindano, aendelee kunyonya inapoingia, na usimwondoe hata kilio kikapita chenyewe.