Taka hazinunuliwi dukani

Ukipita mbele ya maduka ya vitabu mjini jioni ya siku ya shule, utawakuta wazazi wamejipanga foleni. Hawakufuata vitabu. Wamefuata karatasi za manila, gundi ya chupa, rangi za maji, pamba na nyuzi za rangi rangi. Kesho yake mtoto ana somo la sanaa, na mwalimu ameagiza. Jambo hili limekuwa la kawaida tangu mtaala wa umilisi, ule tuuitao CBC, uanze kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, na kwa maoni yangu limeligeuza somo lililostahili kuwa furaha ya mtoto likawa hofu ya mzazi.

Sisemi haya kwa kuwa nauchukia mtaala huo. La hasha! Mtaala wenyewe unamhimiza mwalimu atumie vifaa vinavyopatikana katika mazingira ya mwanafunzi. Miongoni mwa mambo yanayofundishwa ni kolaji, yaani kuunda picha kwa kubandika vipande vya karatasi, vitambaa, mbegu na vinginevyo, pamoja na kuunda vitu kutokana na taka. Kazi ya namna hiyo napenda kuiita sanaa ya mseto, maana ndani yake rangi, gundi, nguo, bati na karatasi hukaa pamoja juu ya ubao mmoja. Tatizo ni njia ambayo agizo hilo limepitia tangu litoke katika kitabu cha mwalimu hadi likafika mfukoni mwa mzazi.

Nimewahi kuonyeshwa orodha aliyotumwa nayo nyumbani mtoto wa Gredi ya Nne katika shule moja ambayo sitaitaja. Iliitisha chupa sita za plastiki, tupu, safi, za kimo kimoja. Nyumbani kwa mtoto huyo soda hainywewi ila siku ya sikukuu. Mama yake alikwenda akanunua soda sita, akazimimina katika jagi, majirani wakaitwa wakanywa, na chupa zikapelekwa shuleni zikakatwe ziwe vyungu vya maua. Somo lenyewe lilihusu utunzaji wa mazingira! Chupa sita ambazo hazingalitoka dukani zilitolewa ili mtoto afundishwe namna ya kupunguza chupa.

Zaidi ya hasara hiyo ya fedha, kuna hasara nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo. Kazi ikishapelekwa nyumbani, aghalabu haifanywi na mtoto. Hufanywa na baba usiku, au na kaka aliyemaliza shule, au na fundi wa mtaani kwa malipo. Mwalimu huletewa kitu kilichonyooka na kung'aa, akakipa alama kwa jina la mtu ambaye hakukigusa. Yule ambaye mzazi wake hakuwa na pesa wala nafasi huja na kipande cha katoni kilichopindapinda, amekitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, naye hupewa alama za chini. Sijui dhuluma gani darasani inayoipita hii.

Itakumbukwa kwamba mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, masomo ya sanaa na ufundi yalipewa uzito mkubwa. Wazazi wakalalamikia gharama za karakana na vifaa. Baadaye masomo hayo yaliondolewa katika mtihani wa KCPE, na walimu wengi wakakitumia kipindi cha sanaa kufundishia hesabu. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023, lakini malalamiko ya gharama yangali hai. Nachelea kwamba, tusipojihadhari, somo hili litapigwa teke kwa mara ya pili kwa sababu ile ile, ilhali ni somo linaloweza kufundishwa kwa gharama ndogo kuliko yote.

Nchi hii haina uhaba wa walimu wa ufundi huu, ijapokuwa wengi wao hawana vyeti. Nenda Kamukunji, jijini Nairobi, uwatazame mafundi wa jua kali wakiyakunjua mapipa ya mafuta kwa nyundo, wakitoa majiko na makarai. Vizazi na vizazi vya wanafunzi wamekwenda shule za bweni na masanduku ya bati yaliyogongwa kwa mikono namna hiyo. Koroboi iliyomwangazia mwanafunzi wa kijijini alipodurusu ilikuwa mkebe mtupu uliotiwa utambi. Na ni mtoto gani wa mashambani asiyemjua mwenzake aliyeunda gari la waya, magurudumu yake yakawa vifuniko vya chupa za soda? Hakuna mzazi aliyeombwa fedha.

Pwani nako, mwaka 2018, mafundi wa Lamu walishusha baharini jahazi liitwalo Flipflopi, lililoundwa kwa takriban tani kumi za plastiki iliyookotwa, na mbavu zake zikavikwa ndara za mpira zipatazo 30,000. Fundi wake mkuu, Ali Skanda, anatoka katika jadi ya waunda majahazi. Mwaka 2019 jahazi hilo lilisafiri mwendo wa kilomita 500 hivi hadi Unguja, na kila aliyeliona alitambua kwamba yale madoa ya samawati, manjano na waridi ubavuni mwake hayakupakwa kwa burashi. Ni ndara zenyewe, kila moja na rangi iliyotoka nayo kiwandani.

Walimu wanaodhani kuwa kubandika taka ni mchezo wa watoto wadogo ningependa wamtafakari mwenzao mmoja. El Anatsui alizaliwa Ghana mwaka 1944, na tangu mwaka 1975 alikuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka. Mwishoni mwa miaka ya tisini aliokota mfuko uliojaa vifuniko vya chupa za pombe kali. Akavibana vikawa bapa, akavitoboa, akaviunganisha kwa waya mwembamba wa shaba, maelfu kwa maelfu, hata akapata kitu mfano wa nguo kubwa inayoning'inia ukutani na kujikunja kama kitambaa. Mwaka 2015 alitunukiwa Simba wa Dhahabu huko Venice kwa kazi ya maisha yake yote, na mwaka 2023 kazi zake zilitundikwa katika ukumbi mkubwa wa jumba la Tate Modern, London. Tanbihi: nguo hizo hazikupakwa rangi. Wekundu wake na udhahabu wake ni ule wa vifuniko. Na kwa nini vifuniko vya pombe? Kwa sababu pombe ilikuwa miongoni mwa bidhaa ambazo Wazungu walizileta Afrika Magharibi katika biashara iliyofungamana na ile ya utumwa. Msanii hakuokota chochote kilichopita mbele yake. Aliokota kitu chenye historia, akakiacha kiseme.

Basi, hapo ndipo ninapotofautiana na mafunzo ya sanaa kama yanavyotolewa katika shule zetu nyingi. Sisi huanza na rangi. Mtoto hupewa chupa, akaambiwa aipake rangi nyekundu, na taka ikafichwa chini ya rangi kana kwamba ni aibu. Ningependekeza tuanze na vidole. Kabla ya kubandika lolote, wanafunzi wafumbe macho na wapapase: gunia linakwaruza, ganda la ndizi lililokauka lina mishipa, karatasi ya gazeti ni laini ila ikikunjwa na kukunjuliwa hutoa makunyanzi. Kila uso una mguso wake, na mguso ndio utakaoamua kitu hicho kitakuwa nini katika picha.

Chukua mfano wa picha ya nyumba ya kijijini. Ubao wake ni kipande cha katoni nzito, upana wa madaftari mawili. Katoni ina tabaka tatu: karatasi nyororo juu, nyingine chini, na katikati yao karatasi iliyokunjwa mfano wa mawimbi. Lowesha kidogo tabaka la juu la kipande kingine cha katoni, ulibandue taratibu, na utabaki na migongo na mifereji iliyonyooka, sawasawa na mabati ya paa. Hapana haja ya kuchora paa, kata, bandika. Ukuta wa udongo nao hauchorwi maana udongo upo uwanjani. Uchekeche kwa kichujio kikuukuu cha chai, uchanganye na gundi hadi uwe mzito kama asali, uupake kwa kipande cha kadi, na kabla haujakauka uukwaruze nyufa kwa kijiti. Shina la mti litatokana na trei ya mayai iliyolowekwa usiku kucha, ikapondwa, ikakamuliwa maji na kutiwa gundi. Nyasi ni nyuzi za gunia lililofumuliwa. Changarawe ya njiani ni maganda ya mayai yaliyosagwa.

Gundi? Kikombe kimoja cha unga wa ngano, vikombe vinne vya maji. Unga ukorogwe kwanza katika maji baridi usifanye madonge, kisha utiwe katika maji yanayochemka na ukorogwe hadi uwe na mng'ao. Chumvi kidogo huchelewesha ukungu. Gundi hii yatosha kwa karatasi na kitambaa. Kwa udongo, bati na vifuniko ni dhaifu, na hapo itahitajika gundi nyeupe ya seremala. Hicho, nakiri, ni kitu cha kununua, lakini kinunuliwe na shule, mkebe mmoja kwa madarasa yote, wala si chupa arobaini na wazazi arobaini. Jambo jingine ambalo vitabu husahau kulitaja: katoni ikipakwa gundi upande mmoja hukauka ikiwa imepinda kama mtumbwi. Dawa yake ni kubandika gazeti upande wa nyuma pia, ili pande zote mbili zivutane.

Rangi ndiyo huja mwisho. Mabaki ya rangi nyeupe ya ukuta yapakwe kwanza juu ya kila kitu na kuachwa yakauke. Kisha mkaa uliosagwa, maji mengi na gundi kidogo vichanganywe, vipakwe, na vifutwe papo hapo kwa tambara. Weusi utabaki mashimoni na mifereji, na migongo itabaki nyeupe. Hatimaye rangi yenyewe ichukuliwe kwa burashi iliyokaushwa karibu kabisa, ipitishwe juu juu. Itashika pale palipoinuka tu. Hapo ndipo paa huchomoza, na mtoto huelewa, pasipo mhadhara, kwamba tunauona mwinuko kwa sababu ya mwanga na kivuli. Wekundu upo katika udongo, weupe katika chokaa. Manjano ya jikoni hutoa rangi ya kupendeza, ila yasitarajiwe kudumu, kwani jua huyafifisha.

Wapo watakaosema kwamba kipindi cha shule ya msingi hakizidi sana nusu saa, na kazi hii haiwezi kumalizika. Ni kweli, wala haipaswi kumalizika. Kipindi cha kwanza ni cha kupapasa na kupanga, cha pili ni cha kubandika, na cha tatu ni cha rangi. Kati yake gundi inahitaji usiku mzima kukauka. Kazi zipangwe juu ya kabati la darasa, zisitoke shuleni kamwe. Mwalimu anayetaka kutoa alama asitazame ung'avu. Amwite mtoto amweleze kila kipande alikipata wapi, kwa nini alikichagua hicho badala ya kingine, na ni kipi kilichokataa kunata. Mtoto ambaye kazi yake ilifanywa na baba hatakuwa na jibu.

Hata hivyo, neno taka lisitutie uzembe. Betri, sindano, chupa za dawa na vyombo vya viuatilifu havina nafasi darasani, hata vikioshwa. Plastiki isichomwe wala kuyeyushwa kwa moto, maana moshi wake una sumu. Kingo za mikebe iliyokatwa zigongwe zilale kabla ya mtoto kuzishika. Na yeyote asiwatume watoto jalalani. Vya kutosha vipo jikoni mwa shule, dukani kwa jirani na kwa fundi cherehani, ambaye hufagia vitambaa kila jioni.

Kuhusu madarasa makubwa, ambayo ndiyo hali halisi katika shule nyingi za umma, sioni njia ila vikundi. Darasa la wanafunzi sitini hugawika katika vikundi kumi na viwili vya watu watano, kila kikundi na ubao mmoja, mmoja akikata, wawili wakibandika, wengine wakichekecha udongo, kisha wabadilishane. Burashi kumi na mbili zatosha, na miswaki mikuukuu hufanya kazi hiyo vizuri. Ndoo moja ya maji ya kuzioshea hutosha darasa zima, ila maji hayo yasimwagwe kwenye sinki wala mfereji, kwa kuwa chembe za udongo na gundi huziba mabomba. Yamwagwe shimoni nyuma ya darasa.