Steringi Hafi? Bonanza na Jumanne Ile ya Septemba 1972

Safari hii nimeona tuache kidogo habari za viza na karo, tuzungumzie televisheni. Wengi wetu tunaopanga vyumba kwa wazee wa hapa Marekani tumeshazoea ile michezo ya zamani ya kauboi inayorudiwa mchana kutwa: farasi, vumbi, kofia, bastola. Wengine mnapita tu mkielekea jikoni. Mimi nilikaa nikaangalia, na kumbe kuna sehemu moja ambayo wapenzi wa michezo hiyo wanaibishania mpaka leo, zaidi ya miaka hamsini baadaye. Inaitwa "Forever", na ni ya mchezo wa Bonanza.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunaijua sheria: steringi hafi. Anapigwa, anaanguka mtoni, lakini mwisho wa sinema yupo. Bonanza nayo ilikuwa na sheria yake, tena kali zaidi. Ilianza kuonyeshwa na NBC tarehe 12 Septemba 1959 na kuendelea mpaka 16 Januari 1973, sehemu zaidi ya mia nne. Ni habari za mzee mgane, Ben Cartwright (aliyeigizwa na Lorne Greene), anayemiliki shamba kubwa la ng'ombe liitwalo Ponderosa, karibu na ziwa Tahoe kule Nevada. Ameoa mara tatu, wake wote watatu wamefariki, na kila mmoja kamwachia mtoto wa kiume: Adam, Hoss na Joe.

Sasa, vijana hawa wakimpenda mwanamke, basi mwanamke huyo ana nuksi. Atakufa, au ataugua, au atapanda gari la farasi aende zake kabla muziki wa mwisho haujapigwa. Mashabiki wanaiita laana ya Cartwright na wanaitania. Mimi sioni laana pale, naona biashara. Kijana akioa, nyumba inabadilika, na watu waliokuja kumwona baba na wanawe hawatamkuta tena yule waliyemzoea. Kwa hiyo kila wiki mambo yanarudi mwanzo: bibi kazikwa, wiki ijayo Joe anacheka kama kawaida. Mtindo huo ulilipa sana, kwani kwa misimu mitatu mfululizo, kuanzia 1964 hadi 1967, mchezo huu ndio uliokuwa unaongoza kwa watazamaji Marekani nzima.

Yaliyovunja mtindo yalitoka nje ya mchezo. Hoss alikuwa Dan Blocker, pandikizi la mtu, mpole, mwenye sura ya kukufanya umwamini hata kabla hajasema neno. Tarehe 13 Mei 1972 alifariki kutokana na damu iliyoganda na kuziba mapafu, baada ya kufanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo. Alikuwa na miaka 43. Na mezani kulikuwa na hadithi iliyokwisha kuandikwa na Michael Landon, yaani Joe mwenyewe, ambamo Hoss hatimaye anapata mke. Landon aliandika, akaongoza, na sasa aliyekusudiwa kuwa bwana arusi hayupo. Akaibadilisha hadithi, arusi ikawa ya Joe.

Ikarushwa Jumanne, 12 Septemba 1972, miaka kumi na mitatu kamili tangu mchezo uanze. Ilichukua saa mbili badala ya moja. Joe anampenda Alice (Bonnie Bedelia, ndiyo, yule mke wa Bruce Willis katika Die Hard ya 1988). Wanafunga ndoa, wanajenga nyumba, Alice anapata mimba. Lakini kaka yake ni mcheza kamari na deni linamfuata. Wadai wanakuja Joe hayupo. Wanawaua kaka na dada, kisha nyumba inatiwa moto. Baada ya hapo ni Joe na rafiki yake Candy kuwasaka wauaji.

Mashabiki hawajawahi kukubaliana juu ya haya. Wapo wanaosema ndiyo sehemu bora ya miaka yote kumi na minne, na kwamba machozi ya Landon pale hayakuwa ya kuigiza. Wapo wasiotaka kuiona mara ya pili: eti mtu katulia na familia yake sebuleni, unamwonyesha mama mjamzito anauawa? Wengine wanasema nusu ya kwanza ni tamu mno, mapenzi mtindo mmoja, halafu nusu ya pili ni sinema nyingine kabisa. Na siku hizi limezuka lalamiko jingine, ambalo mimi naliunga mkono: Alice anapewa uhai ili tu kifo chake kimpe mwanamume sababu ya kupanda farasi. Ukimuuliza mtazamaji Alice alipenda nini maishani zaidi ya Joe, atababaika.

Hata hivyo nadhani ubishi wenyewe una mzizi mwingine. Mzee mwenye nyumba ninayokaa ni mgane pia, na alikuwa kijana mwaka ule. Nilimuuliza kwa nini hutoka sebuleni kila nyumba ya Joe inapowaka. Akanijibu kwamba usiku ule hakumlilia Alice hata kidogo, alikuwa anamlilia Hoss. Nikaelewa. Televisheni ya wakati ule haikuwa na desturi ya kuweka matanga. Mwigizaji akifariki, mhusika wake alitoweka kimyakimya. Watazamaji walikuwa wamekaa na Hoss tangu 1959, na hawakupewa mazishi. Wakapewa kaburi la mwanamke waliyemfahamu kwa saa moja, wakalilia hapo. Aliyetaka kulia akashukuru. Aliyetaka kumsahau Hoss kwa saa mbili akaona ametoneshwa kidonda.

Kwetu tungeshangaa zaidi yaliyofuata. Joe amepoteza mke na mtoto aliye tumboni, jamani, lakini sehemu zinazofuata zinakwenda na mambo mengine. Hakuna arobaini, hakuna jirani anayekuja kutoa pole. Sheria ya kurudi mwanzo kila wiki ikashinda hata msiba huu, na hapo ndipo wanaoipenda na wasioipenda "Forever" hukutana katika kulalamika.

Mchezo haukudumu. Ulikuwa umehamishwa kutoka Jumapili yake ya miaka mingi, na usiku uleule wa 12 Septemba CBS walianza kurusha kichekesho kipya, Maude, katika saa hiyohiyo. Ilipofika Januari 1973 Bonanza ikafungwa. Sehemu ya mwisho, nayo ya Landon, inamwonyesha Joe akiwindwa na mwendawazimu, sasa sijui nani aliona huo ni mwisho wa kuwaagia watu. Mwaka 1974 Landon akahamia Little House on the Prairie, ambako alituliza kwa miaka.

Kuhusu Hoss, maelezo yalikuja mwaka 1988 katika filamu ya televisheni, Bonanza: The Next Generation: alizama majini akijaribu kumwokoa mwanamke. Nilipomwambia mzee wangu kwamba maktaba yetu ingeweza kuitafuta, alitikisa kichwa, akaniomba nimpitishie chumvi.