Betri ya Basi la Shule ni Somo
Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Usemi huo ulinijia akilini mara nyingi mnamo Januari 2021, shule zilipofunguliwa kote nchini baada ya kufungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Katika pitapita zangu baina ya Kisii, Keroka na Nyamira, niliyaona mabasi ya shule yaliyoegeshwa kwa miezi mingi yakisukumwa na vijana waliotokwa jasho, ilhali injini hazikunguruma. Betri zilikuwa zimekufa. Kisa hicho hurudi kila baada ya likizo ndefu, na betri mpya hununuliwa pasi na mtu kuuliza iwapo ile ya zamani ilikuwa imekufa kweli au imezirai tu.

Naamini jambo hili halistahili kuachiwa dereva na fundi pekee. Mtaala wa 8-4-4 uliweka utunzaji wa betri za asidi katika Fizikia ya Kidato cha Kwanza. Hata hivyo, mwanafunzi aliyeyakariri hayo kwa ajili ya mtihani hupita kando ya basi lililokwama asijue kwamba dawa yake anayo.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Betri ya kawaida ina seli sita, kila moja ikitoa volti 2.1 hivi, ndiyo sababu iliyojaa huonyesha volti 12.6. Ndani mna mabamba ya madini ya risasi yaliyozama katika asidi ya salfuriki. Betri hupoteza chaji hata gari likiwa limelala, na saa au king'ora cha wezi huinyonya zaidi. Inapopungukiwa, salfeti ya risasi hujijenga juu ya mabamba. Ikichajiwa mapema, salfeti hiyo huondoka. Ikiachwa miezi kadhaa, hugeuka fuwele ngumu zisizoondoka kwa urahisi.

Je, tiba ni ipi? Betri iliyovimba, kupasuka au kuvuja isichajiwe kamwe. Iliyo nzima, kama maji yamepungua, iongezwe maji yaliyokenekwa yanayouzwa kwa jina la maji ya betri, wala si asidi. Kisha ichajiwe polepole mahali penye hewa: betri ya ampea-saa 60 huhitaji mkondo wa ampea 6 hivi kwa saa kumi au zaidi. Ikishajaa ipumzishwe usiku kucha, ndipo ipimwe. Ikionyesha chini ya volti 12.4, imechoka, na kununua nyingine si ubadhirifu.

Wengi hupendelea kuazima nguvu za gari jingine kwa nyaya. Yafaa, mradi chanya iunganishwe na chanya, na ncha ya mwisho ya waya wa hasi ifungwe kwenye chuma kitupu cha injini iliyokwama, mbali na betri, kwa kuwa betri hutoa hidrojeni inayoweza kulipuka kwa cheche moja. Ifahamike pia kwamba mabasi mengi makubwa hutumia volti 24, hivyo gari dogo la mwalimu halifai kuyaazima. Ama kuliachia basi mteremkoni, kama milima yetu inavyowashawishi wengi, ni kucheza na maisha: injini ikiwa imezima, breki hudhoofu na usukani huwa mzito.

Liko pia suala la betri iliyokufa kabisa. Huuzwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, na isipohifadhiwa vyema asidi humwagwa penye vijito vinavyoelekea Mto Gucha na hatimaye Ziwa Viktoria. Tusisahau Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kiliwaathiri wakazi kwa sumu ya risasi. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na Mahakama ya Juu ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2024. Lakini akili ya mtoto iliyodumazwa na risasi hairudishwi na fedha.

Walimu wenzangu, mita ya volti imo katika maabara zetu. Likizo inapokaribia, waya wa hasi wa basi uondolewe. Betri ichajiwe kila mwezi, na shule zinapofunguliwa wanafunzi wapime na kuandika matokeo, mwalimu akiwa kando yao. Iliyokwisha irudishwe kwa muuzaji anayepokea betri kuukuu. Nanyi wanafunzi, muulizeni mwalimu wenu ni lini betri ya basi lenu ilipimwa mara ya mwisho. Swali hilo moja laweza kuiokoa shule gharama kubwa.