Koltani inaenda, mashini ya kusoma moyo hairudi

Kuna ugonjwa wa moyo ambao vidole viwili vinaweza kuushuku, lakini ni mashini tu inayoweza kuuthibitisha. Wanganga wanauita fibrilasioni ya vyumba vya juu vya moyo. Kule Ulaya, wakati wa likizo ya kiangazi, vijana wa vyuo vikuu wanakusanywa katika shule fupi za kujifunza hesabu za ugonjwa huu: namna ya kusoma umeme wa moyo, na namna ya kutengeneza moyo wa kuiga ndani ya kompyuta. Sisi wa chama cha wachimbaji, hapa Mapendo, tumeona vizuri jambo hili lielezwe kwa Kiswahili. Linatugusa mara mbili: kwa mioyo yetu, na kwa mawe tunayochimba.

Makapita wengi katika shimo moja

Moyo uko na vyumba vinne. Viwili vya juu vinapokea damu, viwili vya chini vinaisukuma. Kazi hiyo inaongozwa na umeme mdogo unaoanzia mahali padogo katika chumba cha juu cha kuume. Pale ndipo anakaa kapita. Akitoa amri, vyumba vya juu vinakaza, kisha vya chini vinafuata. Mtu mzima aliyepumzika, mapigo yake kwa kawaida yako kati ya 60 na 100 kwa dakika.

Katika fibrilasioni, kapita hasikilizwi tena. Ni kama shimo ambamo kila mtu anatoa amri yake: huyu anasema vuta kamba, yule anasema shusha. Vyumba vya juu vinatetemeka mara 350 mpaka 600 kwa dakika bila kusukuma kitu cha maana. Vya chini vinapata amri ovyo ovyo. Ndiyo maana mapigo yanakosa mpango: mawili ya haraka, moja limechelewa, matatu ya haraka tena, na hakuna desturi unayoweza kuishika.

Kuna wanaosikia moyo unaruka kifuani, pumzi inakatika wakipanda mlima, nguvu zinaisha. Wengine hawasikii kitu kabisa, na hao wako kwenye hatari vilevile. Damu ikilala katika chumba kisichosukuma, inaganda. Kipande kikitoka, kinaweza kupanda mpaka kwenye ubongo na kuziba mshipa. Mtu anapooza upande mmoja, mdomo unapinda, maneno yanapotea. Mwenye fibrilasioni yuko kwenye hatari hiyo karibu mara 5 kuliko mwenzake asiyekuwa nayo.

Na kwetu, mtu akianguka hivyo, neno la kwanza ni lile lile: karuho. Amewekewa sumu. Mwenzetu mmoja, baba wa watoto wanne, alianguka hivyo akitoka kazini. Familia ilimaliza pesa yote ikitafuta nani alimpa chakula, na siku alipofika hopitali mkono wake ulikuwa umekwisha kufa. Hatuwezi kusema ni fibrilasioni iliyompiga, sababu hakuna aliyewahi kumpima moyo. Hapo hasa ndipo kidonda chetu kiko: tunapooza, tunazikwa, na jina la ugonjwa halijulikani.

Kuosha umeme kama tunavyoosha mchanga

Mashini ya kupima umeme wa moyo, ile inayoitwa ECG, inatumia vipande vinavyobandikwa juu ya ngozi. Umeme inaoshika ni mdogo sana, karibu sehemu moja ya elfu ya volti moja. Na haufiki peke yake. Pumzi inaupandisha na kuushusha, misuli inayotetemeka inaongeza makelele, waya za umeme wa nyumba nazo zinaingiza mtetemo wao wa mara 50 kwa sekunde.

Mchimbaji anaelewa jambo hili kuliko profesa. Ukitoa udongo shimoni, koltani iko ndani lakini huioni. Unaweka maji, unaosha, kilicho chepesi kinakwenda na maji, kilicho kizito kinabaki. Wataalamu wa sinyali wanafanya vivyo hivyo kwa hesabu. Wanaondoa mwendo wa polepole wa pumzi, wanaondoa ile 50 ya waya, wanabaki na mstari wa moyo. Kisha programu inatafuta vilele vya mapigo; njia moja maarufu ya kuvitafuta, ya Pan na Tompkins, ilitolewa mwaka 1985 na mpaka leo bado inatumika. Mwishoni inapima nafasi kati ya kilele na kilele. Nafasi zikikosa mpango, na kile kilima kidogo kinachotangulia kila pigo kikikosekana, mashini inatoa onyo, na munganga anaangalia mwenyewe.

Sehemu ya pili ya masomo ni moyo wa kuiga. Kompyuta inapewa umbo la moyo wa mgonjwa, na wataalamu wanajaribu juu yake: tukichoma hapa kidogo kuzuia umeme unaozunguka, je, kapita atasikilizwa tena? Ni bora kukosea kwenye kompyuta kuliko kwenye kifua cha mtu. Umoja wa Ulaya ulilipia mpango mmoja wa namna hiyo, MY-ATRIA, uliofundisha watafiti vijana, na vyuo vikuu vya Italia, Ujerumani na Uhispania vilikuwa ndani.

Mioyo ya nani imehesabiwa?

Programu hizi zinajifunza kwa mifano. Mwaka 2017 watu wa PhysioNet, huko Marekani, walifungua shindano kwa dunia nzima: nani ataandika programu inayotambua fibrilasioni kwa rekodi fupi ya moyo? Walitoa rekodi 8,528 za kujifunzia, nyingine za sekunde 9 tu, nyingine za dakika moja hivi, zilizotoka kwa kampuni ya AliveCor inayotengeneza kifaa kidogo cha kutumia na simu. Kazi nzuri, na ilikuwa wazi kwa kila mtu.

Lakini kule, fibrilasioni ni zaidi ugonjwa wa wazee. Kwetu Afrika inashika vijana pia, kwa njia nyingine. Mtoto anaumwa koo, haponyeshwi vizuri, miaka inapita, milango ya moyo inaharibika, chumba cha juu kinapanuka, fibrilasioni inaingia. Uchunguzi unaoitwa REMEDY uliandika wagonjwa 3,343 wa milango ya moyo iliyoharibika hivyo, katika nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemen. Nusu yao walikuwa na miaka 28 au chini. Wengi walikuwa wanawake. Karibu 22 kwa kila 100 walikuwa na fibrilasioni. Kenya, Uganda na Rwanda zilikuwa ndani ya hesabu. Congo yetu haikuwamo.

Kuhesabiwa si heshima tu. Mwaka 2022 matokeo ya uchunguzi mwingine, INVICTUS, yalitoka. Uliangalia watu 4,565 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wenye fibrilasioni pamoja na milango ya moyo iliyoharibika. Wengi walidhani dawa mpya ya kuzuia damu kuganda, rivaroxaban, itafanya vizuri kama ilivyofanya kwa wagonjwa wa nchi tajiri. Haikuwa hivyo. Waliopewa dawa za zamani, aina ya warfarin, walikufa kidogo kuliko waliopewa ile mpya. Kama watu wa namna yetu wasingepimwa, wangeendelea kupewa dawa kwa kufuata mioyo ya wengine. (Anayekunywa dawa mojawapo asiiache wala kuibadilisha juu ya gazeti, amuulize munganga wake.)

Jiwe letu liko ndani ya mashini

Hapa ndipo neno la mchimbaji linaingia. Koltani inatoa tantali. Tantali inatengeneza vidude vidogo vinavyotunza umeme, na vidude hivyo vinatumika hata katika mashini zinazowekwa chini ya ngozi ya kifua kuusaidia moyo. Kasiteriti, kama ile ya Walikale, inatoa bati, na kwa bati wanaunganisha vipande vya mashini karibu zote za umeme. Congo ndiyo ya kwanza duniani kwa kutoa tantali. Lakini nenda kwenye vituo vya afya vilivyo karibu na machimbo, uliza ECG. Mara nyingi utaonyeshwa kipimo cha tansio, siku ambayo kinafanya kazi.

Wasituambie ni mambo ya mbali sana. Mwaka 1905 Willem Einthoven, munganga wa Uholanzi, alipokea mstari wa moyo wa mgonjwa kwa waya ya simu, toka hopitali mpaka chumba chake cha kazi, karibu kilometa moja na nusu. Mwaka 1924 akapewa tuzo ya Nobel kwa mashini yake. Leo tuko na simu mkononi hata juu ya milima ya Masisi. Rekodi ya dakika moja ingeweza kufika kwa munganga wa Goma kabla motari hajamaliza kujaza mafuta.

Na shule za hesabu hizi hazianzi na kuishia Ulaya. Data Science Africa ilifanya shule yake ya kwanza mwaka 2015 huko Nyeri, Kenya, katika chuo kikuu cha Dedan Kimathi. Mwaka 2016 ikafuata Kampala, 2017 Arusha. Hazikuwa shule za moyo. Lakini vijana wa Makerere wanaofundisha simu kutambua ugonjwa wa muhogo kwa picha ya jani wanatumia hesabu ndugu na zile za kusoma mapigo. Kampala, watu wa Goma wanaijua. Wanaenda kule kununua bidhaa. Waende na kuleta elimu.

Leo, na kesho

Tusikae tukingoja. Jioni, ukiwa umepumzika, weka vidole viwili, si kidole gumba, kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, pale mshipa unapopiga. Hesabu dakika nzima. Mpime na mama watoto, mpime mzee. Mapigo yakikosa mpango, usiogope, lakini nenda kwa munganga uombe ECG. Kanyanga ya kupita kiasi na tansio isiyotibiwa vinafungulia ugonjwa huu mlango. Mtoto mwenye koo kali na homa apelekwe kituoni, amalize dawa yote. Na mtu akipinda mdomo au mkono ukaanguka, ni hopitali saa ile ile. Mambo ya karuho mtajadili baadaye.

Kwa wanaonunua mawe yetu na kwa wanaotoza kodi juu yake, tunaomba mambo matatu. ECG moja kwa kila kituo cha afya cha machimbo, na mtu aliyefundishwa kuitumia. Dawa za kuzuia damu kuganda, pamoja na kipimo cha damu kinachotakiwa kuzifuata. Na kila mwaka, nafasi ya masomo kwa watoto wa wachimbaji wanaosoma UNIGOM au ULPGL, ili siku moja programu za kusoma moyo zifundishwe kwa mioyo ya watu wa hapa. Tutabeba maombi haya kila mkutano, mpaka yajibiwe.