Neno "Almah" na Kutimia kwa Unabii

Walimu wetu huulizwa mara nyingi juu ya Isaya 7:14, nasi twaona ni vema kulieleza jambo hili waziwazi. Isaya alimwambia maneno yale Ahazi, mfalme wa Yuda, wafalme wa Shamu na Israeli walipoungana kumpiga, yapata mwaka 734 kabla ya Kristo. Neno la Kiebrania ni almah, yaani msichana aliyepevuka, karibu na mwanamwali wetu. Neno lililo dhahiri zaidi kwa bikira ni bethulah. Lakini Wayahudi waliomfasiri Isaya kwa Kiyunani, kabla Bwana hajazaliwa, waliandika parthenos, bikira. Na Mathayo 1:23 yaifuata tafsiri hiyo.

Mwalimu asiyafiche haya, maana mwanafunzi atakayeyasikia kwa mwingine atadhani ya kuwa tulimdanganya. Ishara ile ilimhusu Ahazi kwanza: kabla mtoto hajapambanua mema na mabaya, nchi ya wale wafalme wawili ingekuwa ukiwa. Tena neno la Mathayo tulifasirilo "kutimia" asili yake ni kujaza. Chombo kilikuwa na maji tangu siku za Ahazi. Wakristo twaamini ya kuwa katika Kristo kilijaa hata ukingoni.